Redio Yangu Iliyouandamisha Mwezi

Walisema sitafika hata Mombasa. Walisema nikifika Mombasa nitaiogopa meli, na nikiipanda nitatapika mpaka nahodha anirudishe bandarini, na hata nikifika Bombay walimu wa kule watanitazama mara moja na kuniuliza nimekuja kufagia darasa gani. Mzee Athmani, mwenye bucha mtaani kwetu Bondeni, alisema mbele ya wateja wake, kisu mkononi, kwamba siku mtoto wa mpishi wa reli atakapopata diploma, yeye atagawa maini bure kutwa nzima. Basi nilifika, sikutapika (ukiacha siku ya kwanza na ya pili), na baada ya miaka mitatu nilishuka stesheni ya Nakuru nikiwa na Diploma ya Ufundi wa Redio ndani ya fremu ya kioo. Maini sikuyaona, lakini sikumdai.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba anayewasimulia alikuwa na akili, maana tukifika katikati mtaanza kuwa na shaka. Mimi ndiye niliyewalisha Waislamu wa Nakuru mchana wa Ramadhani. Si mmoja, si wawili. Mji mzima. Hata Naivasha walikula.

Kila anayetaka kununua redio ya kubeba, ile ya mawimbi mafupi, huja kwanza kuniuliza maoni, kwa kuwa mimi nilikuwa wa kwanza Bondeni kuwa nayo, na mimi humjibu kwa haki. Sauti ya ile niliyorudi nayo kutoka Bombay ilikuwa tamu na nzito, kama ya mtu aliyeshiba. Ilivishwa ngozi ya kahawia na ilikuwa na mkono wa kushikia kama sanduku la bwana mkubwa. Wanaiita ya kubeba kwa sababu ya mkono huo, lakini aliyeipa jina hakuibeba kutoka stesheni mpaka Bondeni. Mimi niliibeba, na bega langu la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Betri yake ilikuwa kubwa kama tofali na ilichoka upesi kama mgonjwa. Jioni ilileta dunia nzima, na ubaya wake ndio huo, kwamba iliileta dunia nzima mahali pamoja, Mwarabu juu ya Mwingereza juu ya Mhindi, halafu ule mshale wa kuonyesha stesheni ulikuwa umelegea tangu mpagazi alipoliangusha sanduku bandarini, ukawa unaelekea unakopenda wenyewe. Ningeweza kuutengeneza kwa nusu saa. Nilikuwa na diploma! Sikuutengeneza kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Sasa, mwaka huo nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni Zainabu, binti wa Mzee Athmani, yuleyule wa maini. Nilikuwa nimepeleka posa kwa mkono wa Maalim Idi, imamu wetu, na jibu la mzee lilikuwa fupi: "Baada ya sikukuu ya Idi nitasema. Diploma nimeiona. Nataka nijue kama neno la kijana huyu mtu anaweza kuliegemea." Kwa hiyo Ramadhani yote nilitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, nawasalimu wazee mara mbili mbili, nanyamaza wenzangu wanapobishana, na kwa siku ishirini na nane niliweza.

Kwetu Nakuru mwezi wa Idi tulikuwa tunautazama wenyewe, na kukiwa na mawingu tunangoja telegramu kutoka kwa kadhi Mombasa, ambayo karani wa posta huileta asubuhi kwa baiskeli. Jioni ya siku ya ishirini na tisa wingu lilishuka kutoka mlima Menengai likaufunika mji kama kifuniko cha sufuria. Watu walijaa uwanja wa msikiti baada ya magharibi, wengine bado wana kokwa za tende mdomoni, shingo zimenyooka, hawaoni kitu. (Hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, na marufuku yake ya mikutano, ilikuwa inaelekea kwisha, na watu walikuwa na hamu ya kukusanyika tu, hata kama ni kutazama wingu.) Kama hakuna habari, kesho tunafunga, ndiyo desturi, wala hakuna aliyelalamika. Ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniita, nikasema, "Kwa nini tungoje baiskeli na mimi nina redio?"

Laiti ningekuwa na tende mdomoni.

Nikaikimbilia. Bi Mwanaisha, mwuza mahamri, akafungua waya wake wa kuanikia nguo, tukautandaza juu ya paa la msikiti uwe antena. Betri yangu ilikuwa taabani, basi Bwana Kartar, Kalasinga mwenye gereji ng'ambo ya barabara, akaniazima yake, akaileta mwenyewe ameikumbatia kama mtoto mchanga, akabaki kutazama. Nikaiweka redio juu ya meza ya madrasa. Maalim Idi aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Anayeshuhudia mwezi ni mtu," akasema. "Ana jina, na baba yake anajulikana. Hii baba yake nani?"

"Baba yake ni mimi, Maalim."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu kilinipanda kichwani. Nikazungusha kitufe polepole, kidole kimoja juu, kama nilivyomwona mwalimu wetu akifanya Bombay. Tukapata mluzi. Tukapata mtu anauza sabuni kwa Kihindi. Tukapata kitu kama mvua inayonyesha juu ya mabati. Halafu, katikati ya mvua ile, wazi kabisa, sauti za wanaume wengi kwa pamoja: Allahu akbar, Allahu akbar, walillahil hamd. Takbira ya Idi! Bi Mwanaisha akajifuta macho na ncha ya leso. Kisha mvua ikarudi ikawameza wale wanaume wote.

"Hapo ni wapi?" akauliza Maalim Idi.

Rafiki zangu, sikujua. Mshale ulikuwa umelala pembeni kabisa ya kioo, mahali ambapo hakuna mji wowote ulioandikwa. Ningesema "Maalim, sijui," watu wangeguna kidogo, wangeenda kulala, na mimi leo ningekuwa sina cha kuwasimulia. Lakini Mzee Athmani alikuwa amesogea mbele, amekunja mikono, na hakuwa anaitazama redio. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mombasa," nikasema.

"Una hakika?"

"Maalim, nina diploma."

Maalim Idi alivuta ndevu, akatazama wingu, akanitazama, akasema kama Mombasa wanapiga takbira basi kadhi amekwisha kuridhika. Na hapo mji ulinitoka mikononi. Watoto walikimbia vichochoroni wakipiga madebe. Mafundi cherehani walifungua milango upya. Bi Mwanaisha alikanda unga wa mahamri mia mbili. Mzee Athmani aliniwekea mkono begani (lile lililoshuka), akasema, "Neno lako hilo nalichinjia," akaenda akachinja ng'ombe mmoja na mbuzi wanne. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anashuka kwenda Naivasha aliomba ruhusa awapelekee ndugu habari njema. Nani alimpa ruhusa? Mimi! Nilimwambia aendeshe polepole.

Asubuhi tulikuwa uwanjani, kanzu mpya, kofia zimesimama, mafuta ya waridi yananukia mpaka barabarani. Kila mtu alikuwa amekula kabla ya kutoka, maana ndiyo sunna ya siku hiyo, isipokuwa mimi, ambaye tumbo lilikuwa limefunga kwa kuifikiria posa. Maalim Idi alikuwa anasogea mbele kusalisha. Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Karani wa posta alishuka, akatuangalia tulivyopendeza, akaangalia karatasi, akatuangalia tena. Maalim akaipokea akaisoma kwa sauti, na ilikuwa fupi: mwezi haukuonekana, fungeni.

Mnajua kimya cha watu mia tatu walioshiba? Mzee mmoja alikuwa na hamri shavuni, akawa hajui alimeze au alitoe, akabaki amelishika hapo na shavu limevimba kama ana jipu. Watoto walianza kufichwa peremende. Kisha, polepole, kofia zote ziligeuka upande wangu.

"Wewe Diploma," akasema Maalim Idi, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Lete chombo chako."

Nikakileta mbele ya wote. Kitufe sikukigusa, kilikuwa palepale nilipokiacha. Nikawasha, na redio ile, ambayo jioni ilikuwa inakoroma kama nguruwe, asubuhi hiyo ilizungumza safi kama mtu aliye chumba cha pili. Ilikuwa ni hotuba ya Kiarabu. Maalim, aliyesoma Lamu, aliinama akasikiliza, akatikisa kichwa mara mbili tatu.

"Anawatakia Idi njema watu wa Misri," akasema. "Wao walianza kufunga siku moja kabla yetu." Akasimama wima. "Mwanangu, Mombasa imehamia Misri lini?"

Walicheka! Walicheka kwa uchungu, lakini walicheka, na Bwana Kartar kule ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na saumu wala deni la saumu, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Athmani peke yake hakucheka.

"Ulijua si Mombasa?" akaniuliza.

Ningeweza kuisingizia betri. Niliifikiria betri, nawaambia ukweli. Lakini binti yake alikuwa amesimama upande wa wanawake na nilijua anasikia.

"Sikujua ni wapi, mzee. Nilisema Mombasa kwa sababu ulikuwa unanitazama."

Akageuka akaondoka.

Maalim Idi alitoa hukumu: wote wajizuie mpaka magharibi kama waliofunga, na baadaye kila mmoja ailipe siku hiyo. Nikanyoosha mkono nikasema mimi sikula. Akaniuliza kama usiku nilitia nia ya kufunga. Nikasema hapana, nilitia nia ya Idi. "Basi nawe utalipa," akasema, na hilo nilikuwa sijafundishwa Bombay.

Lakini nyama ilikuwa inaning'inia bucha, ng'ombe mmoja na mbuzi wanne, na jua lilikuwa limetoka (wingu lile lilikuwa limemaliza kazi yake). Ikioza, Mzee Athmani ameoza nayo, na mimi naye. Nikaanza kukimbia na kanzu yangu ya Idi. Bwana Kartar aliniombea barafu kwa rafiki yake wa kiwanda cha soda na akaniazima turubai la kivuli. Wanawake wa Bondeni waliniazima masufuria kumi na moja, kila moja na maneno yake. Na kubwa kuliko yote, sufuria ya kupikia harusi, ilitoka nyumbani kwa Mzee Athmani, imeburutwa na Zainabu mwenyewe, akaiacha mlangoni akasema tu, "Usiiunguze."

Nyama nyingine nililaza juu ya barafu, nyingine nilichemsha kutwa nzima chini ya turubai, nusu ya mji umekaa kando unanitazama na tumbo linanguruma, na kila aliyepita alikuwa na lake. "Diploma, onja chumvi! Misri wanaruhusu!" Magharibi walifuturu vizuri, na kesho yake, Idi ya kweli, nyama ilitosha na haikunuka. Nilipika mimi, mtoto wa mpishi wa reli. Ila sufuria kubwa niliiunguza.

Maoni yangu kuhusu redio, basi, ni haya: nunueni, ni chombo kizuri, hakikusema uongo hata siku moja. Aliyesema uongo alikuwa na fremu ya kioo. Tangu siku hiyo sitaji stesheni mpaka mtangazaji aitaje mwenyewe kwa mdomo wake, na nikiulizwa kitu nisichokijua, nasema sijui, hata mbele ya mkwe.

Kuwalipa walionikopesha kulichukua muda. Barafu hairudishwi, kwa hiyo nilimtengenezea mwenye soda redio mbili. Bwana Kartar alipata betri mpya, na Bi Mwanaisha waya mpya. Naivasha nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, wakanipa chai, wakanicheka, wakanipa chai tena. Kosa langu lilikuwa kuahidi hadharani kwamba kila atakayelipa siku yake nitafunga pamoja naye, nikidhani watalipa siku moja wote. Kila mtu akachagua yake, mahasidi wakubwa! Suruali zangu za Bombay ziliacha kukaa kiunoni.

Sufuria ya harusi ilikuwa ya mwisho. Niliisugua kwa mchanga na majivu jioni nne, mpaka nikajiona uso ndani yake, nikaibeba kichwani mpaka bucha. Mzee Athmani aliigonga kwa kidole, akaipindua, akachungulia ndani muda mrefu.

"Ile diploma yako siwezi kuisoma," akasema. "Sufuria najua kuisoma. Una deni kwa mtu mwingine?"

"Hakuna, mzee. Wewe ulikuwa wa mwisho."

Akaiweka chini, akafuta mikono kwenye aproni yake.

"Mwambie Maalim tutafunga ndoa mwezi ujao ukiandama. Na mwezi huo," akasema, akaninyooshea kisu, "nitautazama mimi mwenyewe."