Walinikamua Maziwa Wakasema Nimetupa Mtoto

Admin, nifiche jina, maana Garsen wananijua. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, Mpokomo, nina kibanda cha chai karibu na stendi. Nina hasira na sitaki kujifanya sina.

Niliolewa kijiji kimoja karibu na Hewani. Hedhi ikakatika, mimba haikushika. Vidole vikanenepa mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno, nikawa navaa viatu vya mume wangu. Mama mkwe akinitazama miguu husema, "Hivi tuliletewa mwanamke au mwanamume?" Na matiti yalikuwa yakitoa maziwa kidogo kidogo. Niliona aibu, nikaficha.

Asubuhi moja kichanga kikaokotwa kwenye shamba la mpunga, kimekufa. Mume wangu alikuwa kazini Malindi. Mama mkwe akaamuru wanawake wote tupange mstari uwanjani tukamuliwe matiti, maana ndivyo wanavyomtafuta mama wa mtoto aliyetupwa. Alikamua mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, maziwa yakatoka. Mstari ukavunjika hapo hapo, wote wakanirukia. Nilipigwa, nikatemewa mate, nguo zangu zikarushwa nje. Mume wangu akanipigia simu, akasema neno moja tu, "Muuaji," akakata. Niliondoka na kanga niliyovaa.

Nikaanza maisha Garsen. Baadaye macho yakawa hayaoni pembeni, nikawa nagonga wateja kwa sinia. Mombasa daktari akanionyesha picha ya kichwa changu, kuna uvimbe kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. "Uvimbe kama huu mara nyingi humwaga homoni moja," akaniambia. "Wako unamwaga mbili. Moja inakuza mikono na miguu, nyingine inaleta maziwa hata kama hujazaa." Nililia mpaka nesi akanishika, akidhani naogopa kufa. Mimi nilikuwa najililia mimi wa siku ile, yule msichana aliyepigwa pale uwanjani bila kuulizwa chochote. Nikapasuliwa kupitia puani. Maziwa yamekoma, macho yamerudi, mikono imebaki hivi hivi.

Sasa mwezi uliopita wifi yangu, dada wa huyo mume, akaja kibandani. Anaolewa kanisani Desemba. Nikamwekea chai, hakuigusa.

"Wifi, siku ile mimi ndiye nilikuwa nyuma yako kwenye mstari."

"Ehe, na?"

"Ningekamuliwa, yangu pia yangetoka. Mtoto alikuwa wangu. Alizaliwa hapumui, nikamwogopa mama."

Kisha akanishika mkono, akaniomba ninyamaze mpaka arusi ipite. Ati nisimharibie.

Ndugu zangu, mama yake huko anajigamba kwamba amelea binti asiye na doa. Nataka niingie kanisani siku hiyo, nisimame mbele ya wanawake wale wale, niseme nani alikuwa nyuma yangu. Nataka mama mkwe alisikie akiwa na nguo mpya, wageni wamejaa. Huyo binti namwonea huruma, lakini kidogo tu. Aliniangalia nikipigwa, ilhali maziwa yake yako kifuani, akanyamaza.

Nipeni shauri, niende au nibaki na chai yangu? Wa kuniambia nisamehe aseme kwanza kama amewahi kukamuliwa mbele ya watu. Na msichelewe kujibu, gauni la kuvaa nikienda arusini nimeshashona.