Picha ya Gari la Jirani

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani, na uzee wote huu. Nilikuwa kituo cha basi Wembley, hapa London, natoka kufagia uwanja baada ya mechi, mama yangu akanipigia simu kutoka Singida. "Baba," akasema, "watu wa mkopo wamekuja. Wameangalia ukutani, wakaondoka wanacheka."

Ngoja nikueleze kwanza. Kabla ya kuja London nilikopa fedha za serikali, zile za wakulima, nilime alizeti. Dhamana ilikuwa shamba la mama. Mvua ikakataa misimu miwili, nami nikapanda ndege nikiamini mshahara wa Ulaya utamaliza kila kitu. Kukopa harusi, kulipa matanga! Mshahara wenyewe uliishia kwenye kodi ya chumba na nauli, na kule riba ikazaa mpaka wajukuu. Nikasikia kuna njia: mkopaji aliyeshindwa anaandika maombi, maafisa wanakwenda kwao kuhakiki hali, wakiridhika wanamfutia riba na kumpangia kulipa kidogo kidogo. Nikaandika barua ya kuliza watu kwamba sina kitu.

Sasa ukutani kwa mama kulikuwa na nini? Picha yangu ndani ya fremu, nimevaa koti refu, nimeegemea gari jeusi. Gari la jirani. Koti la rafiki. Unacheka? Wengi wetu tulipiga picha ile, maana hakuna aliyetaka nyumbani wajue anashika ufagio. Basi maombi yakakataliwa, na mama akapewa miezi mitatu kabla shamba halijauzwa.

Nikaenda Southall, humu humu London, kwa Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ambaye dukani kwake nilizoea kununua unga. Nilitaka anikopeshe, yaani nizibe shimo kwa kuchimba jingine. Nilimsimulia yote, nikamwonyesha na nakala ya picha, kwani nilitembea nayo.

"Hii gari ni yako?"

"Hapana, mzee. Ya jirani."

"Sasa serikali imhurumie nani? Wewe, ama huyu?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Hakunikopesha hata senti, ila alinipa kiti na kalamu. "Andika kazi yako," akasema. "Andika mshahara, na ile unaweza kulipa kila mwezi. Halafu upige picha ingine."

Nikaandika upya pale pale kaunta. Kesho yake nikaambatisha karatasi ya mshahara na picha yangu uwanjani, nina ovaroli na ufagio mkononi. Barua haikunitoa jasho kama kumweleza mama. Nilipomaliza akasema, "Kumbe unachoka hivyo, na bado unanitumia hela ya sukari?" Nililia, mwanangu, tena kwa sauti.

Riba wakaifuta. Deni lenyewe nililipa miaka minne, kwani dawa ya deni ni kulipa. Shamba lipo mpaka leo, na mafuta yaliyokaanga maandazi haya unayokula yametoka huko.

Basi sikiliza. Mficha uchi hazai. Deni likikushinda, nenda mwenyewe mapema, useme ulicho nacho na usicho nacho, na usiongeze chumvi upande wowote. Lakini anza na watu wa nyumbani. Wao ndio watakaobishiwa hodi, na huwezi kumwomba mama akutetee kwa jambo ulilomficha.

Mama aliitoa ile picha ya gari, akaweka ya ufagio kwenye fremu ile ile. Kila mgeni aliambiwa, "Huyu ndiye aliyeokoa shamba." Alipofariki sikuchukua kitu kingine nyumbani kwake ila picha hiyo, na ndiyo unayoiona hapo mlangoni.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe riziki ya kumwonyesha mama yako kule nyumbani bila kuazima koti.