Verna, mnoa viatu vya barafu aliyemtoa mwanawe mchezoni

Saa kumi na mbili asubuhi. Nje halijoto imeshuka hadi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na Verna Hnatiuk anawasha mashine ya kunolea. Jiwe linazunguka, linalia, cheche zinarukia aproni yake ya ngozi. Nyuma yake, kwenye rafu, kuna jozi ishirini na moja za viatu vya barafu vya timu ya hoki ya wanawake ya chuo kikuu, kila jozi na jina la mwenyewe.

Dirisha dogo la chumba cha vifaa linagongwa. Msichana mmoja anasukuma viatu ndani. Hasalimii. Anageuka kwenda zake.

"Subiri," Verna anamwambia. "Nitazame kwanza."

Msichana anakunja uso, lakini anamtazama. Verna anachungulia jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayepima mayai kwenye mwanga wa taa.

"Jana jioni ulikula nini?"

"Tambi. Na nyama ya kusaga. Naweza kwenda sasa, au unataka na hesabu ya kumi na tatu mara saba?"

"Nenda, mwanangu."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi siku hizi. Anamtazama msichana kwanza, ndipo kiatu. Wiki sita zilizopita chumba hiki kilikuwa kama sebule ya nyumba yenye harusi, wasichana wanakuja kucheka, kulia, kuomba biskuti. Leo wanakuja, wanasukuma viatu, wanaondoka. Wanamwona msaliti.

Verna ana miaka sitini. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na minane hapa Brandt Lake, mji mdogo wa nyanda za Saskatchewan. Analipwa dola ishirini na moja kwa saa, miezi minane ya mwaka. Majira ya joto, barafu ikiyeyushwa, anaotesha miche ya nyanya ya kuuza. Mumewe, Metro, anaendesha gari la manispaa la kusukuma theluji. Wana watoto watatu. Wa mwisho ni Brynn, kitinda mimba, aliyekuja bila kuitwa mama yake akiwa na miaka arobaini.

Kazi yenyewe ni kunoa, kushona, kufua. Nguo za hoki zikitoka mchezoni hunuka hadi wafanya usafi wa chuo wanakataa kuingia. Verna anaingia akiimba.

"Wasichana walikuwa wananitania," anasema. "Eti chuo kilitafuta nchi nzima mtu asiye na pua, kikanipata mimi. Na mimi nacheka nao. Naambia watu ni mafua yaliniharibu pua nikiwa kijana."

Hayakuwa mafua.

Timu hii ilianza mwaka 1972. Wasichana tisa, jezi kuukuu za wanaume zilizowafika magotini. Barafu walipewa asubuhi na mapema, kabla mtu hajaamka, kwa sababu jioni ilikuwa ya wanaume. Nauli za mechi za ugenini walizitafuta wenyewe, wakipika pirohi, vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, katika chumba cha chini cha kanisa na kuziuza kwa dazeni. Na kila mwaka kulikuwa na mzee fulani kwenye kamati ya chuo wa kuuliza: hivi huu kweli ni mchezo wa wanawake?

Kwa hiyo wakawekeana sharti. Ukiumia, usionekane. Meno yaking'oka, meza damu. Kidole kikivunjika, funga utepe, vaa glavu, rudi barafuni.

"Tulikuwa tunaogopa," Verna anasema. "Wangemwona mmoja amebebwa, wangesema, mnaona? Tuliwaambia si mchezo wa wanawake. Na timu ingefungwa."

Timu ilifungwa hata hivyo, mwaka 1986, kwa kukosa fedha. Verna alikuwa mchezaji katika msimu huo wa mwisho. Wanaume waliifufua? Hapana. Walioifufua ni wanawake wale wale wa kwanza, kwa kugonga mlango wa chuo miaka kumi na miwili, hadi 1998.

Katika korido kuna picha ya mechi ya mwisho ya 1986. Verna yumo, wa tatu kutoka kushoto, anacheka, gongo la hoki mkononi. Wageni wakija, yeye ndiye huitwa awasimulie mechi ile, na huwasimulia vizuri sana: nani alifunga, nani alilia, wimbo gani uliimbwa kwenye basi.

Kumbe yote aliambiwa. Katika kipindi cha pili alianguka, kisogo kikapiga barafu. Wenzake wakamwinua wakamficha katikati ya benchi, wakamrudisha kucheza. Hakumbuki picha ikipigwa. Hakumbuki basi. Tangu siku hiyo hajasikia harufu ya kitu chochote, si maziwa yaliyochacha, si gesi, si kichwa cha mtoto wake mchanga.

"Watoto wangu watatu nimewazaa, sijui hata mmoja alinukiaje," anasema, na anarudi kwenye jiwe lake.

Wazazi mnaosoma, shikeni hapo. Mwanamke aliyepatwa na hayo, aliyeyaficha miaka karibu arobaini, ndiye aliyemfundisha binti yake kuficha.

Ilikuwa Agosti. Verna na Brynn walikuwa jikoni, wanafungia viazi ndani ya unga, trei ya pirohi mbele yao. Brynn alikuwa amechaguliwa katika timu, na kesho yake kulikuwa na mtihani wa kichwa.

Mtihani huo hufanywa kabla ya msimu. Mchezaji anakaa mbele ya kompyuta, anakariri maneno na maumbo, anabonyeza kitufe kwa haraka. Alama zinahifadhiwa. Akigongwa kichwa katikati ya msimu, anarudia. Alama zikishuka, hachezi mpaka apone. Mtihani wa busara kabisa. Ila wasichana waliujulia dawa zamani: Agosti, ukiwa mzima, feli kidogo. Basi siku ukiwa mgonjwa, alama zako za ugonjwa zitafanana na za uzima. Nahodha humfundisha mgeni, mgeni akikomaa humfundisha mwingine. Ni sharti lile lile la 1972, limevaa nguo mpya.

"Mama," Brynn aliuliza, "wenzangu wanasema kesho nijifanye mjinga kidogo."

"Jifanye."

"Kweli?"

"Bonyeza polepole. Maneno mengine jifanye umesahau. Kila mtu anafanya hivyo, usijitie utakatifu, utakuja kubaki kwenye benchi peke yako. Nipe chumvi."

Ndivyo alivyosema. Katikati ya chumvi na viazi.

Januari, katika mechi ya nyumbani, Brynn alikimbilia kisahani cha mpira kinachochezewa hoki kwenye kona. Wanawake hawaruhusiwi kugongana kama wanaume, lakini barafu haisomi sheria. Akateleza, kisogo kikapiga ukuta wa mbao. Mama yake alikuwa mlangoni na ndoo ya taulo. Anasema mlio ule ulikuwa kama gogo linalopasuliwa kwa shoka. Brynn akainuka, akacheka, akapunga gongo lake. Uwanja ukashangilia.

Jumatatu alirudia mtihani. Odile Gaudry, tabibu wa timu, mwanamke makini asiyependa mchezo kazini, alipita chumba cha vifaa akiwa na furaha.

"Binti yako ana kichwa cha jiwe, Verna. Amefaulu. Amepita hata alama zake za Agosti."

Verna akasema ahsante. Akarudi kushona jezi. Siku nne hakulala vizuri. Alijiambia mtoto ni mzima, anakula, anacheka. Lakini alimwona anavyovuta kofia usoni taa ikiwashwa. Alimwona anashuka ngazi ameshika ukuta.

Ijumaa saa nne asubuhi Brynn alileta viatu.

"Ninolee vizuri, Mama. Kesho tunawala wale. Tukishinda, mtoano unachezwa hapa nyumbani. Haijawahi kutokea tangu timu ianze!"

Verna akanoa. Akapitisha kucha kwenye makali, akaridhika, akamkabidhi. Brynn akaenda.

Dakika kumi baadaye dirisha likagongwa. Ni Brynn, na viatu vile vile mkononi.

"Ninolee vizuri, Mama. Kesho tunawala wale."

Verna alidhani ni utani. Alivipokea. Chuma kilikuwa bado kina joto la jiwe.

"Nimekunolea sasa hivi, Brynn."

"Lini?"

Wakatazamana. Kwenye korido wasichana walikuwa wanapiga kelele, mmoja anaimba vibaya, wengine wanamzomea. Brynn akaangalia viatu, akaangalia mama yake, na uso ukamwiva.

"Nakutania, bwana," akasema. Kisha akainamisha kichwa karibu na dirisha, kwa sauti ya chini. "Mama. Usiseme. Mechi moja tu. Nakuomba. Nitapumzika Jumapili."

"Kichwa kinauma?"

"Kwani wewe hukucheza?"

Neno hilo lilimkata. Alikaa chini na viatu mapajani. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Verna alikuwa anajua vilio vyote viwili vimeshafika mlangoni, cha mwana na cha mama, na kazi yake ni kuchagua kimoja. Akizungumza, ataitoa siri ya kila msichana aliyemfulia nguo kwa miaka kumi na minane, na ataiumiza timu aliyoipenda kuliko usingizi wake. Akinyamaza, kesho mtoto atakwenda barafuni na ubongo ambao haujapona. Kipigo kimoja kingine kinatosha. Odile amewahi kuwaeleza: ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla ya kupona unaweza kuvimba, na wapo walioanguka wakacheka, wakaanguka tena wasiinuke.

Alifunga dirisha. Akaenda kwa Odile na viatu kwapani.

"Mtihani wa Brynn ni wa uongo," akasema. "Alifeli makusudi Agosti. Mimi ndiye niliyemwambia."

Odile akaweka kikombe mezani. "Ni yeye peke yake?"

"Wote, mwanangu."

"Wote wangapi, Verna?"

"Wote niliowafulia."

Odile alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Halafu akainuka akaenda kumwita kocha.

Mchana huo kila msichana alipimwa upya na daktari, kwa mkono na kwa macho, bila kompyuta. Watatu, Brynn akiwemo, walizuiwa kucheza. Jumamosi timu ilipigwa manne kwa moja, mtoano ukahamia mji mwingine. Nahodha, Kelsie, alimfuata Verna hadi chumba cha kufulia.

"Wanaume wamefanya hivi miaka mingapi, hakuna aliyewachongea," alisema. "Sisi tumechongewa na wa kwetu. Ahsante sana, Mama Verna. Tena wewe, uliyeko kwenye ile picha."

Verna aliendelea kuingiza jezi kwenye mashine. Angemwambia kwamba kwenye picha ile upo mwili tu, yeye mwenyewe hayupo?

Brynn alikuwa mkali zaidi. "Umeniuza," alimwambia mama yake ndani ya gari. "Ulinifundisha mwenyewe, halafu ukaniuza mwenyewe." Tangu siku hiyo hakumsemesha. Daktari wa mjini Saskatoon alithibitisha mtikisiko wa ubongo. Amesimamisha masomo. Mapazia ya chumba chake yamefungwa, haangalii simu, kijiko kikianguka jikoni anashika masikio. Kurudi kucheza hakuna anayemwahidi. Verna akitoka kazini huingia nyumbani polepole, na kabla hajavua koti husimama kwenye korido kusikiliza kama kuna anayejigeuza kitandani. Akisikia, anavua koti.

"Naogopa kila siku," anasema. "Naogopa niliongea nimechelewa wiki nzima. Hiyo wiki ndiyo inayonila."

Wiki iliyopita mlinda goli, msichana mpole wa mwaka wa kwanza, alileta viatu vilivyokuwa vikali tayari. Akasimama dirishani akichezea kamba.

"Mama Verna, kichwa kikiuma kila ukiinama kufunga viatu, ni kawaida?"

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Siku ya kupimwa aliwaambia hana kitu. Verna aliizima mashine, akamshika mkono, wakaenda pamoja kwa Odile.

Chuo kimekubali ombi lake moja. Agosti ijayo, kabla wachezaji wapya hawajakaa kwenye kompyuta, Verna ataingia chumbani mwao. Hana hotuba. Atawasimulia mechi ya mwisho ya 1986 kama anavyoikumbuka yeye, si kama alivyoambiwa, nayo itamchukua nusu dakika. Halafu atawaambia kuhusu Brynn. Anawaomba na wazazi wawepo. Mwulizeni mtoto wenu leo, anasema, msingoje mechi iishe, na akisema "niko sawa" mwulizeni tena kesho yake.

Jumapili Brynn alitoka chumbani kwa mara ya kwanza wakati familia inakula. Amevaa miwani myeusi. Alikaa, akavuta bakuli, na bila kumtazama mama yake akasema, "Sijakusamehe."

"Najua," Verna akamjibu. "Kula."

Metro alitaka kumkaripia mtoto, Verna akamzuia kwa mkono.

"Mwache anichukie," anaeleza sasa, akifuta unga wa chuma kwenye aproni. "Anichukie miaka hamsini. Namwomba Mungu ampe hiyo miaka hamsini, na akili ya kukumbuka kila siku kwa nini ananichukia."