Jumwa na Tundu la Mdiria

Jumwa Mwero hufinyanga vyungu katika kijiji kilicho chini ya Milima ya Shimba. Udongo wake huutoa kwenye ukingo wa kijito kinachopita msituni. Tangu alipofiwa na mumewe husaidiana na Twaiba, dada wa marehemu.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokatika, Luqman, mwenye duka Ukunda, aliagiza mitungi ya hoteli moja ya Diani. Jumwa na Twaiba wakashuka kijitoni. Jembe lilipopiga ukingo, bonge kubwa lilianguka na tundu likabaki wazi. Harufu ya samaki waliooza ikawajia. Jumwa alichungulia, akaona makinda wamejibana mwisho wa tundu, hawajaota manyoya.

Mdiria, ndege mla samaki, akatua tawini, mgongo buluu, kifua rangi ya chungwa, kidagaa mdomoni. Aliruka mpaka ukingoni, akapepea hapo, akarudi. Mlango aliouzoea haukuwapo.

"Wifi, tuchimbe twende zetu," Twaiba alisema. "Huyo ni ndege tu."

"Nimembomolea mimi. Ningoje kidogo."

Jumwa alikanda udongo, akauzungushia mkononi mpaka ukawa kama mrija mpana. Akachomoa mkono taratibu, akaushikiza mrija palipobomoka na kuziba pembeni kwa tope. Kisha wakakaa mbali, nyuma ya kichaka. Mdiria alikuja, akasita, akageuka. Akaja tena, akageuka. Jua lilikuwa limeshapinda alipoingia, na alipotoka mdomo ulikuwa mtupu.

"Ameingia," Twaiba alinong'ona. Jumwa alikuwa akilia, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Waliuacha ukingo ule, na udongo walioupata chini zaidi ya kijito ulikuwa na mchanga mwingi. Mitungi ilipasuka motoni, karibu yote. Luqman alipiga simu.

"Umeniangusha, mama. Itabidi nitafute mfinyanzi mwengine."

"Niwie radhi, mwanangu," Jumwa alijibu, asieleze zaidi.

"Mbona hukumwambia?" Twaiba aliuliza.

"Ningemwambia nini? Mitungi hana."

Wiki kadhaa baadaye Twaiba alikwenda kijitoni kuchota maji, akarudi mbio, ndoo haijajaa. Makinda walikuwa wametoka, alisema, wamejipanga kwenye mzizi, mmoja ameanguka majini na kupanda tena.

Jumwa aliacha chungu alichokuwa akikifinyanga, akanawa mikono. Wakaenda pamoja kuwatazama.