Kiti cha Lori na Kopa Nisizokuwa Nazo

Lori la kambi lilikwenda Mbeya mara moja kwa mwezi kuchukua vipuri, na mbele, pembeni ya dereva, palikuwa na nafasi ya abiria mmoja. Tulikuwa tunatengeneza barabara ya Idodi, mbali na mabasi. Nafasi hiyo iligombewa kwa karata, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mchezo uliisha dereva wa lori alipoamka usingizini. Tulichezea maharage badala ya pesa; mwenye mengi ndiye abiria. Kueleza shida yako kulikatazwa. Kila mtu alikuwa na shida, na zikianza kusikilizwa lori lisingeondoka.

Yangu ilikuwa kikao cha ukoo, Jumapili, Ilomba, mjini Mbeya. Tanga la mama lilikuwa limekwisha, baba alitangulia zamani, na ndugu zake walikutana kuwagawana wadogo zangu. Kitindamimba alikuwa wa kwenda Usangu kuchunga ng'ombe. Mimi ndiye mkubwa; shule niliiachia darasa la sita. Asiyehudhuria kikao cha namna ile husomewa matokeo.

Mchezo wenyewe aliuleta mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kila mtu hupewa karata mbili za kuficha, kisha tatu hulazwa wazi katikati, za wote. Unaziunganisha na zako, halafu unaweka maharage, unalipa sawa na aliyeweka ili uone karata zake, au unatupa na kumwachia fungu. Jozi ni nzuri, tatu za namna moja ni bora, na kopa tano zinazipiga zote hizo. Maharage yalitoka jikoni na yalirudi jikoni. Jioni mshindi na walioshindwa walikula mtaji pamoja.

Karata za wazi hazikunisumbua. Walionisumbua ni watu. Dereva wa greda aliweka maharage mengi kadiri alivyokosa karata. Mpishi hakuwahi kumwamini mtu. Kumtisha ilikuwa kazi bure, angelipa aone. Mzee alitupa, akatupa, akatupa, na akiweka, ilifaa ukumbuke una kazi nyingine.

Basi siku ile nilimwacha dereva wa greda apige kelele mpaka nikapata malkia wawili. Nikalipa kimya. Maharage yake yakaisha.

"Mlokole ameniua!" alisema; ndivyo walivyoniita kambini. "Huyu akiweka hata harage moja, mjue ana kitu. Kudanganya hajui, maskini."

Nilimshukuru moyoni.

Kisha nikapata wafalme wawili. Mpishi akaweka, mzee naye akaweka fungu zima. Niliwatazama wafalme wangu, nikawatupa.

"Unamwogopa babu huyu?" mpishi akacheka. "Mimi nalipa nione."

Aliona tisa tatu. Akaenda kuosha sufuria.

Tukabaki wawili, mimi na maharage ya dereva wa greda, mzee na ya mpishi. Ya mpishi yalizidi kidogo. Dereva wa lori alikuwa ameacha kukoroma. Mzee akagawa, tukaweka kiasi, akalaza tatu za wazi: kopa, kopa, kopa. Mimi nilishika malkia wa pau na sita ya shupaza, karata zisizojuana. Mpishi angelipa. Lakini mzee alikuwa mtu wa kutupa, na mtu wa kutupa ndiye anayefaa kutishwa. Nikasukuma yote.

"Una kopa, kijana?"

"Lipa uone, baba."

Alinitazama muda mrefu. Nilifikiria ng'ombe wa Usangu.

"Wanasema hujui kudanganya," akasema, akatupa. Zamu hii fungu langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Dereva wa lori akakohoa, akauliza nani anapanda kesho alfajiri.

Jumapili, baba mdogo alipiga kelele kuhusu mila. Nilimwacha. Baba mkubwa alipima, kisha akauliza nitawalisha nini wadogo zangu.

"Wanabaki nami hapa nyumbani," nikasema.

"Una uwezo?"

"Mtaona, baba."

Mshahara ulikuwa haujatoka, na kazi Mbeya sikuwa nayo. Akanitazama muda mrefu. Shangazi, ambaye angelipa aone, kwa bahati alikuwa jikoni.

"Basi wabaki," akasema baba mkubwa.

Jumatatu nilikwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta mizigo ya kubeba. Lori lilirudi Idodi bila abiria.