Baba Mkwe katika Chumba cha Katheta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya wilaya kule Tarime, sikugusa mgonjwa hata mmoja. Muuguzi Mfawidhi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinipeleka kwenye sinki akanionyesha sabuni. "Binti wa Nyarero, nawa." Nikanawa. "Nawa tena." Mchana alinikuta bado nimesimama palepale, akacheka. "Sasa umeijua kazi. Kesho nitakuonyesha wagonjwa."

Wakati ule, mtu akibanwa kifua hatukuwa na mengi ya kumfanyia. Tulimlaza, tukampa aspirini, tukamwekea oksijeni kama mtungi ulikuwa na kitu, kisha nilisimama kando ya kitanda nikaomba. Nilipohamishiwa zahanati moja wilayani Serengeti, hata mtungi haukuwepo. Wazee walianguka wakichunga, na nyumbani watu wakasema wamerogwa. Nilizoea kuwafunika. Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alinifundisha kwamba Mungu hujibu kwa wakati wake, nami nilingoja jibu hilo bila kujua litakuja na sura gani.

Lilikuja na sura ya waya. Miaka yangu ya mwisho kazini nilipelekwa kusoma, kisha nikapangiwa hospitali moja kubwa jijini Mwanza, katika chumba cha katheta. Katheta ni mrija mwembamba na laini. Daktari huuingiza kwenye mshipa wa paja au wa mkono, akausukuma polepole hadi kwenye mishipa inayoulisha moyo, huku akitazama skrini ya eksirei. Hupiga dawa ya rangi, na pale mshipa ulipobana, rangi hukonda au hukatika. Hapo hupitisha waya, na juu ya waya hupeleka kiputo, kipira kidogo mno kilichonywea. Kiputo kikijazwa husukuma pembeni mafuta yaliyoganda. Mwisho huacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, kishikilie mshipa usirudi kubana. Mgonjwa yuko macho muda wote.

Watu wa kwetu waliogopa hicho chuma. Mchimbaji mmoja wa Nyangoto aling'ang'ania mlango.

"Mama, kitakaa moyoni mwangu mpaka lini?"

"Shimo lenu la dhahabu likianza kumeguka, mnafanyaje?"

"Tunapiga matimba. Magogo ya kushikilia."

"Halafu mnayatoa lini?"

Akanitazama. "Hayatolewi, mama. Ukiyatoa umekufa."

"Basi panda mezani."

Lakini mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote ni baba mkwe wangu, mzee wa Itiryo. Jina lake silitaji, hata hapa. Kwetu Wakurya mkamwana hamtaji baba mkwe, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia majanini. Boma letu ni moja tangu nilipoolewa, na kila likizo nilirudi humo, lakini sijawahi kumpa chakula kwa mkono wangu.

Alibanwa kifua akiwa malishoni. Tarime walimpima umeme wa moyo, wakamleta kwetu kwa gari la wagonjwa. Mchoro wa umeme ule ulionyesha kwamba mshipa mkubwa wa mbele wa moyo wake ulikuwa karibu kuziba. Daktari Bingwa alisema hawezi kungojea kesho. Muuguzi mwenzangu alikuwa msibani Ukerewe. Nilibaki mimi.

"Daktari, huyu ni baba mkwe wangu," nikamwambia.

Daktari Bingwa alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpole. "Vaa kofia, vaa barakoa, yabaki macho tu. Usiseme neno. Hatakujua, sista."

Niliingia kimya, nikapita nyuma ya meza kuelekea kwenye kabati la dawa. Mzee alikuwa amelala chali, anatazama dari. Akageuza sikio.

"Hizo nyayo nazijua," akasema. "Ni mke wa Marwa."

Miaka yote hiyo alikuwa amezisikiliza nyayo zangu ili apate kunipisha. Barakoa ingesaidia nini?

"Mzee, huyu ni muuguzi wetu," Daktari akasema.

"Ni mkamwana wangu. Nipeni suruali yangu."

"Mshipa huu ukiziba wote, utakufa."

"Kufa nitakufa tu, Daktari. Lakini nitakufa nimevaa."

Akaanza kuteremsha mguu mmoja. Mashine ikalia, maana mapigo yalikuwa yanaruka. Nilitoka mbio, nikaegemea ukuta wa nje nikaomba. Sikuomba mila ile iondoke, kwa sababu heshima yake imenilinda na mimi tangu nilipoingia boma lile nikiwa mgeni. Niliomba tu ipatikane njia.

Kupitia mlangoni nilimsikia Daktari akivuta kiti, akakaa. Hakumgombeza.

"Mzee, nikipitia mkononi badala ya pajani, suruali utabaki nayo. Unasemaje?"

"Na yeye?"

"Atakaa chumba cha pili, kwenye mashine. Namhitaji anisomee moyo wako."

"Na kile kioo cha katikati?"

"Tutakifunika."

Mzee akasema, "Kwa shuka nzito."

Mtaalamu wa mionzi alitundika shuka mbili za kijani juu ya kioo, nami nikaketi upande wa pili mbele ya skrini. Nilimsikia Daktari akimwelekeza. "Kiputo kikijaa, kifua kitauma. Ukiumia, sema." Nilijua hatasema. Mwanamume aliyetahiriwa mbele ya watu bila kupepesa macho hawezi kulalamikia kiputo, tena mkamwana akisikia. Kweli, hakutoa sauti. Lakini kwenye skrini yangu mistari ya moyo ilipanda, na mapigo yakaanza kushuka. Nikabonyeza kipaza sauti.

"Daktari, anaumia. Mistari imepanda, mapigo yanashuka."

Akakipunguza kiputo. Tukangoja. Mistari ikarudi chini taratibu. Safari ya pili alipeleka stenti, akaitanua, akatoa kiputo, kisha akapiga dawa ya rangi. Niliiona ikikimbia mshipa mzima hadi ncha ya mwisho, na matawi ambayo hayakuonekana mwanzo yakatokea yote. Nililia. Uso wa mzee yule sijawahi kuutazama, lakini moyo wake niliuona ukipiga, nikamshukuru aliyeuumba.

Nyuma ya shuka nilimsikia Daktari akicheka. "Mzee, kiliuma?"

"Kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Si mlikuwa na mtu wa kunisemea huko?"

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mna mashine ambazo sikuwahi hata kuziota. Mtakutana na wagonjwa watakaokataa. Kabla hujamwita mtu mkaidi, vuta kiti kama Daktari yule, uliza anakataa nini hasa. Baba mkwe hakuikataa stenti. Na mwambieni kila mgonjwa kwamba damu inaweza kuganda juu ya stenti ikaiziba, kwa hiyo dawa humezwa kila siku kama alivyoandikiwa, wala haziachwi kwa sababu mtu anajisikia mzima au ametoa ushuhuda kanisani. Mungu aliyeleta waya ndiye aliyeleta na vidonge.

Jambo hilo la dawa ndilo lililonisumbua nilipostaafu nikarudi Itiryo. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ua wa minyaa, na mimi siwezi kwenda kumuuliza kama amemeza. Sikuhitaji kuuliza. Kila asubuhi mzee hukohoa upande wake wa ua, nikasikia karatasi za vidonge zikichanika, kisha sauti yake, kubwa kuliko inavyohitajika.

"Mama Marwa! Nimemeza zote!"

Mama mkwe ameketi ubavuni pake. "Nimekuona, baba. Mbona unanipigia kelele? Mimi si kiziwi."

Nami huku kwangu, kikombe cha uji mkononi, husema, "Amina," kwa sauti ya kuvuka ua.