Ukuta Nyuma ya Cherehani

Watu walimwita Bi Pembe, kwa sababu ukimwonyesha picha ya ukuta, hata salamu hajaitikia, atauliza: "Mwanga ulipiga kwa pembe gani?" Kazi yake ilikuwa kupima majengo, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea na kumsomesha.

Siku hiyo bosi alitandaza mezani picha ya soko la zamani, rangi kibao. Mashine yao hurusha mwanga ukutani na kupima unarudi na nguvu gani. Ukuta wenye unyevu huurudisha kinyonge, na pichani pakaonekana peusi. Upande wa mbali wa soko, kwenye kibanda cha fundi viatu, palikuwa peusi tii.

"Unyevu mtupu," bosi alisema, kifua mbele. "Pale pavunjwe."

"Unyevu labda wa kichwani mwako, bosi. Mashine uliiweka wapi?"

"Mlangoni. Kwani ulitaka niiweke mvunguni?"

Lo! Mtu mzima na tai yake! Kaiacha mlangoni, pua kwa pua na kibanda cha shangazi anaposhonea, kaenda zake kunywa chai. Mwanga ukisafiri mbali, tena ukaupiga ukuta kwa ubavu, hurudi hoi hata kama ukuta umekauka kau. Ndiyo maana unarekebisha umbali na pembe kwanza, ndipo usome. Yeye kasoma hivyo hivyo, na sasa fundi viatu wa watu afukuzwe kwa uvivu wake!

Shangazi naye, habari zilipofika sokoni, badala ya kumhurumia fundi viatu, alishaanza kumcheka. "Aende zake na harufu yake ya gundi," alisema. Bi Pembe alimdharau kidogo hata yeye.

Akaingia kazini. Alichukua ubao mkavu, akaupima karibu na mbali, ukiwa wima na ukiwa umeinama, akajua mwanga hupungua kiasi gani, kisha akairudishia kila nukta ya picha haki yake. Weusi wa kwa fundi viatu ukafutika wote. Alicheka peke yake mpaka bosi akachungulia.

Halafu kicheko kikamkauka. Karibu na mlango, palipong'aa kwa sababu ya ukaribu tu, sasa palikuwa na doa jeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno.

Alikwenda sokoni mbio, akasogeza vitambaa vya shangazi, akagusa ukuta. Plasta ilibaki mkononi mwake, laini na baridi.

"Nini tena?" shangazi akauliza.

"Ni hapa, shangazi. Si kwa fundi viatu. Ni kwako."

Shangazi alimtazama, mguu bado uko juu ya kanyagio. "Na picha ya bosi wako ilisema kwangu kuko salama?"

"Ilisema uongo."

"Sasa uongo huo ulikuwashia nini, mwanangu?"

Bi Pembe aliinama, akashika upande mmoja wa cherehani.

"Shika huko, shangazi. Ukuta usije ukakuangukia."

Shangazi hakushika.